Diski Isipoonekana: Swali la Kwanza la Fundi wa Kompyuta

Mkuu wa Chuo, walimu, mafundi mliotutangulia katika kazi hii, na ninyi vijana mnaokaribia kumaliza mafunzo yenu: nimepewa nafasi ya kuzungumzia tatizo moja tu, na nimelichagua kwa makusudi, kwa sababu mtaletewa mezani tangu wiki zenu za mwanzo kazini, na kwa sababu fundi asiye makini anaweza kuligeuza kutoka hitilafu ya dakika chache likawa hasara isiyofidika. Ninazungumzia kompyuta mpakato inayowashwa, taa zikawaka, feni ikazunguka, nembo ya mtengenezaji ikatokea kwenye kioo, kisha mahali pa mfumo endeshi yakatokea maandishi meupe juu ya kioo cheusi yakieleza kwamba hakuna diski ya kuwakia.

Ujumbe huo huandikwa kwa namna tofauti kulingana na mtengenezaji. Mashine za HP huuambatanisha na alama 3F0, ThinkPad nyingi hutoa namba 2100 kueleza kwamba diski kuu haikugundulika, na kompyuta za Apple hazisemi neno, bali huchora folda yenye alama ya kuuliza. Mteja, kwa upande wake, haji na namba wala alama. Huja na tiba mkononi: "Fundi, naomba unipigie Windows tu, nina haraka." Hapo ndipo ninapoomba mnisikilize vizuri, kwa maana mazoea ya meza zetu nyingi ni kuitikia ombi hilo papo hapo, kuchomeka flashi na kuanza kupiga, yaani kusakinisha, Windows mpya kabla ya kuuliza lolote. Mimi ninasema kwamba kupiga Windows si tiba ya tatizo hili mpaka fundi awe amejibu swali moja: je, BIOS, ile programu ndogo inayoiamsha mashine, inaiona diski?

Mtu akifika kwenye nyumba akabisha hodi asiitikiwe, hawezi kutangaza msiba. Yawezekana mwenyeji hayupo, yawezekana yupo lakini hasikii, na yawezekana kabisa mgeni amebisha mlango wa jirani. Kompyuta inaposema kwamba haikupata diski ya kuwakia, inaeleza tu kuwa imebisha na haikuitikiwa, na kazi ya fundi ni kujua ni ipi kati ya hali hizo tatu iliyotokea, kwa kuwa kila moja ina tiba yake, na tiba ya moja inaweza kuiharibu nyingine kabisa.

Unapobonyeza kitufe cha kuwashia, kinachoanza kufanya kazi si Windows wala Linux, bali ni programu ndogo iliyohifadhiwa ndani ya chipu kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya mashine. Katika mashine za zamani programu hiyo ni BIOS, ambayo imekuwa nasi tangu kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, na katika mashine za sasa ni UEFI, ingawa mafundi karibu wote tunaendelea kuiita BIOS, na mimi nitafanya hivyo leo. Programu hiyo hufanya mambo mawili kwa mfuatano. Kwanza hukagua vifaa, na kila diski iliyounganishwa hutakiwa kujitambulisha kwa jina, namba na ukubwa wake. Pili, huiendea diski iliyojitambulisha na kutafuta mahali palipoandikwa namna ya kuanzisha mfumo endeshi. Katika utaratibu wa zamani mahali hapo ni sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512, ambayo baiti zake mbili za mwisho lazima ziwe 55 na AA. Zikikosekana, diski nzima huhesabiwa kuwa haina cha kuwakia hata kama imejaa picha za harusi na nyaraka za ofisi za miaka mingi. Katika utaratibu wa UEFI, mahali hapo ni sehemu ndogo ya diski, mara nyingi yenye MB 100 tu, iliyofomatiwa kwa FAT32, na ndani yake kuna folda inayoitwa EFI yenye faili la kuanzishia mfumo.

Sasa mnaona kwa nini swali langu linagawa kazi yote katika njia mbili. Diski isipojitambulisha, tatizo liko kwenye vifaa, na hakuna Windows itakayoweza kupigwa juu ya kitu ambacho mashine yenyewe haikioni. Diski ikijitambulisha lakini mashine bado ikadai kwamba haina cha kuwakia, diski kwa kawaida ingali hai, na kilichoharibika ni mipangilio au maandishi machache, huku faili za mteja zikiwa zimetulia mahali pake.

Jibu hupatikana bila bisibisi. Zima mashine, iwashe, na ubonyeze kitufe cha kuingilia BIOS, ambacho ni F2 kwa Dell, F10 kwa HP na F1 kwa ThinkPad nyingi. Tafuta ukurasa unaoorodhesha vifaa vya kuhifadhia na usome kama kuna jina la diski na ukubwa wake. Kabla hujagusa chochote, piga picha za kurasa zote za mipangilio kwa simu yako, kisha toka bila kuhifadhi badiliko lolote. Picha hizo zitakuokoa siku utakayohitaji kurudisha hali uliyoikuta. Na kwa kuwa tumefika hapo, chomoa pia flashi na kadi yoyote iliyoachwa kwenye mashine, kwa sababu wapo wateja waliozunguka mji mzima na laptopu ambayo kosa lake lilikuwa kujaribu kuwakia kwenye flashi ya nyimbo.

Nianze na njia ambayo diski inaonekana. Mwalimu mmoja wa sekondari aliniletea mashine iliyokwisha kupita kwa fundi mwingine, aliyemwambia kwamba diski imekufa na anunue nyingine. "Shikamoo, mwalimu," nilimwambia, "humu ndani kuna kitu gani unachokihitaji?" Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Kuna alama za wanafunzi wangu wa muhula mzima, na sina nakala popote." Tuliingia kwenye BIOS naye akiwa amekaa pembeni yangu. Diski ilikuwapo kwenye orodha, jina lake na ukubwa wake wa GB 500 vikisomeka bila shida. Kilichonivuta macho kilikuwa juu ya ukurasa huohuo: tarehe ya mashine ilikuwa imerudi nyuma miaka kadhaa, na saa ilikuwa imeanza kuhesabu upya tangu usiku wa manane.

Tarehe iliyorudi nyuma ni ushahidi ambao fundi hapaswi kuupita. Kwenye mazabodi kuna betri ndogo ya duara, katika mashine nyingi ni ile ya CR2032 yenye volti 3, ambayo hutunza saa na, katika mashine za umri ule, hutunza pia mipangilio ya BIOS wakati hakuna umeme mwingine. Ikiisha nguvu, na betri kubwa nayo ikichomolewa au kuisha kabisa, mipangilio hurudi kama ilivyotoka kiwandani. Mashine ya mwalimu ilitoka kiwandani ikiwa imepangwa kuwaka kwa utaratibu wa zamani, lakini Windows iliyokuwa ndani yake ilipigwa kwa utaratibu wa UEFI. Kwa hiyo BIOS ilikwenda kwenye sekta ya kwanza kutafuta kitu ambacho hakikuwahi kuandikwa pale, na ilipokikosa ikatangaza kuwa hakuna diski ya kuwakia. Huo ndio mlango wa jirani niliousema. Tulibadilisha betri, tukarudisha mpangilio wa UEFI, tukasahihisha tarehe, na Windows ikafunguka ikiwa na kila kitu cha mwalimu. Diski mpya isingemsaidia lolote, na kufomati ile ya zamani kungefuta alama zote.

Mipangilio mingine yenye tabia hiyohiyo ni ile inayoamua namna mazabodi inavyozungumza na diski. Mashine nyingi za Dell huwekwa kiwandani katika hali inayoitwa RAID, na mafundi wengi huibadilisha kuwa AHCI wanapopiga Windows; BIOS ikirudi katika hali ya kiwandani, Windows huanza kuwaka kisha hukwama kwenye kioo cha buluu ikilalamika kwamba diski yake haifikiki. Katika mashine zenye prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 11 kuna mpangilio unaoitwa VMD, ambao ukiwa umewashwa, programu ya kupigia Windows haiioni diski mpaka ipewe draiva ya Intel, yaani programu ya kuiwezesha kuzungumza na diski, ingawa BIOS inaiona vizuri. Nimewaona vijana wakiagiza SSD, yaani diski isiyo na sehemu inayozunguka, nyingine kwa sababu ya jambo hilo pekee. Lakini msikimbilie kuzima VMD kwenye mashine ambayo tayari ina Windows, kwa sababu Windows hiyo huenda ikashindwa kuwaka, nanyi mtakuwa mmeongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Mipangilio ikiwa sawa, basi faili za kuanzishia zimeharibika, mara nyingi kwa umeme kukatika katikati ya kazi. Hapo waka na flashi ya Windows, chagua ukarabati badala ya usakinishaji, na amri ya bcdboot itaandika upya faili hizo bila kugusa nyaraka za mteja. Ni kazi fupi, mtaifanyia mazoezi, sina haja ya kuikalia.

Njia ya pili ndiyo yenye mambo mengi. BIOS haionyeshi diski yoyote, na sasa bisibisi inahitajika. Ondoa chaja, ondoa au tenganisha betri, kisha fungua. Ukikuta diski ya inchi 2.5, angalia inavyoungana na mazabodi. Kiunganishi chake, cha aina iitwayo SATA, kina pini 7 za data na 15 za umeme, na katika mashine nyingi kati ya diski na mazabodi kuna kebo nyembamba bapa au kipande kidogo cha kati ambacho husahaulika ndani ya mashine ya zamani wakati diski inapohamishwa. Kebo hizo hukunjika, huchubuka pembeni, na huharibika zikiwa bado zinaonekana nzima kwa macho. MacBook Pro ya inchi 13 ya mwaka 2012 inajulikana kwa mafundi wa dunia nzima kwa jambo hilo: diski huonekana leo, kesho haionekani, na tiba ni kubadilisha kebo huku diski ikiendelea kutumika.

Sisi tunaofanya kazi Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar au Mombasa tunalo jambo la ziada, nalo ni hewa ya bahari. Mashine nyingi tunazouziwa ni zile zilizotumika nje ya nchi, nyingi zikipitia Dubai, na hapa huingia katika unyevu na chumvi. Itazame pini ya shaba chini ya mwanga mkali: iliyo salama hung'aa sawasawa, na iliyoanza kuliwa huwa na doa jeusi au ukungu wa kijani. Chomoa kiunganishi, kisugue taratibu kwa brashi laini yenye spiriti safi, kiache kikauke kabisa, kisha kirudishe kwa kukisukuma sawasawa mpaka kikae. Kwa SSD za M.2, zile zinazofanana na ufito wa kadi, mistari yake ya dhahabu husafishika kwa kifutio cha penseli kwa mkono mwepesi sana.

Hizo M.2 zinahitaji maelezo yake. Namba 2280 iliyoandikwa juu yake ina maana ya upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80, basi; haisemi chochote kuhusu lugha ambayo SSD hiyo inazungumza. Zipo M.2 za SATA na zipo za NVMe, njia mbili tofauti za diski kuzungumza na mazabodi, na ziko mashine ambazo tundu lake hupokea aina moja tu, kwa hiyo mteja anaweza kununua SSD mpya na nzima, ikaingia kwenye tundu vizuri kabisa, isionekane milele. Yenye mikato miwili kwenye mistari yake ya dhahabu mara nyingi ni ya SATA, na yenye mkato mmoja mara nyingi ni ya NVMe, ila msitegemee macho pekee. Someni karatasi ya maelezo ya mashine kabla ya kumpeleka mteja dukani. Angalieni pia skrubu ndogo ya mwisho. Isipokuwepo, SSD hujiinua kidogo na kuacha kugusana na baadhi ya pini, na si mara moja nimekuta mahali pa skrubu hiyo pana kipande cha selotepu ambacho joto limekilegeza.

Baada ya hapo fanya jaribio la kubadilishana, ambalo ndilo hakimu wa kweli. Weka diski nyingine unayojua ni nzima kwenye mashine ya mteja, na diski ya mteja iweke kwenye mashine nyingine. Diski yako ikionekana na ya mteja isionekane kokote, mashine imeachiwa huru. Diski yako nayo isipoonekana, shida iko kwenye kebo, kiunganishi au mazabodi yenyewe, na diski ya mteja huenda haina kosa lolote. Ukiijaribu diski ya mteja kwa kibadilishi cha USB, kile kinachoiunganisha diski kupitia tundu la USB, kuwa mwangalifu na umeme: tundu la USB 2.0 kwa kanuni hutoa miliampea 500, ilhali diski ya kuzunguka inaweza kutaka karibu maradufu ya hapo wakati inapoanza, na ikikosa nguvu hiyo hugonga na kuzimika kama mgonjwa mahututi. Tumia kibadilishi chenye chaja yake, kisha ndipo usikilize. Mlio wa kugonga unaojirudia ilhali umeme unatosha ni dalili mbaya, na kila sekunde unayoiacha inaendelea huongeza uharibifu.

SSD hazina mlio, na kutoonekana kwake hudanganya zaidi. Ndani yake kuna jedwali linaloonyesha kila kipande cha data kimewekwa wapi, na umeme ukikatika ghafla SSD inaweza kushindwa kujitambulisha mpaka imalize kulipanga upya. Watengenezaji wengine, Crucial wakiwamo, hushauri SSD ya namna hiyo ipewe umeme tu, bila kazi yoyote, kwa muda, kisha izimwe na kurudiwa. Ni jaribio la bure na lisilogusa data, na ninashangaa linavyosahaulika.

Ikiwa kuna anayedhani kwamba ninatetea diski zilizokufa, yapo mambo mawili ya kumbukumbu ya wazi. Mwanzoni mwa mwaka 2009 baadhi ya diski za Seagate za Barracuda 7200.11 ziliacha kuonekana kwenye BIOS bila onyo. Data ilikuwa salama juu ya sahani zake. Kosa lilikuwa katika programu ya ndani ya diski, na Seagate ikatoa toleo jipya la programu hiyo. Kisha SSD za Crucial aina ya m4 zikagundulika kuwa zikifikisha saa 5,184 za kuwashwa huacha kujibu, ukiziwasha upya hufanya kazi kwa saa moja hivi na kuacha tena, na marekebisho yake yakatolewa Januari 2012. Katika hali zote mbili, fundi aliyeamua kwamba diski imekufa alimpa mteja wake taarifa ya uongo, japo hakukusudia.

Sasa niseme juu ya data yenyewe, kwa ukali kidogo. Diski ikishaonekana kwenye mashine yako ya kazi, Windows inaweza kukuuliza kama unataka kuifomati kabla ya kuitumia. Jibu ni hapana, kila mara, hata kama swali linarudi. Inaweza pia kutaka kuikagua na kuirekebisha. Kataa vilevile, kwa kuwa ukarabati huo huandika juu ya diski ambayo bado hujaitolea nakala. Diski inayosomeka kwa kusuasua itolewe nakala kamili kwanza, na chombo ninachokiamini ni ddrescue, programu huru inayotumika kwenye Linux, ambayo hunakili kwanza maeneo mazima, ikaweka kumbukumbu ya maeneo mabovu, na kuyarudia baadaye bila kuichosha diski tangu mwanzo. Ukarabati wowote ufanyike juu ya nakala.

Kuna pia kufuli la BitLocker, linaloficha data ya diski kwa msimbo, ambalo Windows 11 tangu toleo la 24H2 la mwaka 2024 huliwasha yenyewe katika usakinishaji mpya mwingi. Diski yenye kufuli hilo ukiihamishia mashine nyingine, na wakati mwingine ukibadilisha tu mpangilio wa BIOS, itadai ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mteja, naye hajui kwamba anao. Muulizeni kuhusu akaunti hiyo kabla ya kufungua skrubu ya kwanza. Kwa MacBook za miaka ya karibuni jambo ni gumu zaidi, kwani hifadhi imechomelewa kwenye mazabodi na kufungwa kwa chipu iliyopo palepale, hivyo jaribio la kubadilishana haliwezekani kabisa.

Nakala mnayoitoa ina taarifa za watu. Ile diski ya mwalimu ilikuwa na majina na alama za watoto wa watu wengine. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ningependa kila mmoja wenu aisome kabla ya kuzoea kuacha nakala za wateja kwenye kompyuta ya ofisini. Mteja akishathibitisha kwamba amepata vitu vyake, futa nakala yako mbele yake.

Na diski ikiwa imekufa kweli, mwambieni mteja hivyo waziwazi, pamoja na majaribio mliyofanya. Msiifungue. Vichwa vya kusomea huelea juu ya sahani kwa nanomita chache tu, na vumbi la meza zetu linatosha kumaliza nafasi ndogo ambayo maabara ya kuokoa data ingeweza kuitumia. Mrudishieni diski yake hata kama ameinunua nyingine kwenu. Ni mali yake, na ataamua mwenyewe kama anagharamia maabara au anaiharibu.

Mkuu wa Chuo, kwa ruhusa yako naomba tusogee kwenye meza za nyuma. Nimeleta mashine kadhaa zenye ujumbe huu kwenye kioo, kila moja kwa sababu yake, na flashi za kupigia Windows nimeziacha nyumbani. Kila kundi lichukue mashine moja, liingie kwenye BIOS, na liniandikie kwenye karatasi limeona nini kabla ya kuomba bisibisi.